Siku ya Kura kwenye Nyumba ya Picha

Mama yangu alikuwa akija kuniona kazini kwa mlango wa nyuma, na jambo hilo lilinipandisha hasira kila mara. Alikuja kila Jumatatu, kikapu cha mayai kichwani, akaizunguka nyumba nzima, akapita kando ya tangi la maji na kugonga mlango wa jikoni. Nilimwambia, "Mama, mlango wa mbele uko wazi. Mimi ndiye ninayeufungua." Alinijibu kwamba huu wa nyuma ndio aliouzoea. Kisha aliketi kwenye ngazi za jikoni, akanywa chai yake kwa utulivu, akaniachia mayai matatu na kwenda zake sokoni.

Nyumba yenyewe ilikuwa klabu ya maofisa wa kizungu. Ilijengwa juu kidogo ya mji wa Kakamega, na varanda pana mbele, uwanja wa tenisi ubavuni, na jiko dogo nyuma lililojengwa na mtu ambaye bila shaka hakuwahi kupika. Nilipokuwa mtoto mama aliwauzia mayai. Mpishi wao aliyatia kwenye karai la maji moja moja, linaloelea linarudishwa, linalozama linalipwa, na wakati huo wote mimi nilikuwa nimekaa ngazini nikisikiliza vijiko vinavyogonga sahani upande wa pili wa ukuta. Nilimuuliza mama ndani kuna nini. Akaniambia, "Watu wanakulanga." Zaidi ya hapo hakujua, maana hata yeye alikuwa hajawahi kuvuka jiko.

Uhuru ukaja, klabu ikafungwa. Bibi mmoja wa kizungu aliyekuwa akichora kila Jumapili aliacha picha zake zote ukutani akaiomba kamati ya majumba yaliyoachwa iifanye nyumba hiyo kuwa jumba la sanaa. Kamati ikakubali kujaribu, nadhani kwa sababu siku hizo kila mtu alikuwa akikubali kujaribu kila kitu. Mimi nilikuwa nampigia chapa barua zake. Alipopanda gari kwenda kwao alinikabidhi ufunguo wa mlango wa mbele, mkubwa kama mwiko wa kusongea, na hivyo ndivyo nilivyokuwa mkuu wa jumba la sanaa nikiwa na viatu jozi moja.

Kwenye barua niliandika "Jumba la Sanaa la Kakamega". Watu walisema "nyumba ya picha". Na kazi ya kuendesha nyumba ya picha, kama hujawahi kuifanya, nakuambia, inaanza kwa popo. Popo walikuwa darini, wakichafua kondoo wa yule bibi. Maana picha zake zote zilikuwa kondoo. Kondoo kwenye kilima, kondoo kwenye ukungu, kondoo wamelala karibu na ukuta wa mawe, na hakuna hata mmoja mwenye mchungaji. Mzee mmoja alitoka Shianda akazitazama zote, akanijia akiwa na wasiwasi wa kweli, akaniuliza kama mwenye hao kondoo anajua kwamba wamepotea.

Baada ya popo kulikuwa na mchwa waliopenda fremu, na bati lililovuja hasa juu ya meza yangu. Asubuhi nilifagia, nikafungua madirisha, nikageuza picha zilizoanza kukunjamana kwa unyevu. Mchana nilivaa kiatu kilichong'aa zaidi, yaani kile kile, nikaenda mjini kuomba. Kuomba ni sanaa nyingine kabisa, na kwa sanaa hiyo mimi nilikuwa na kipaji. Mwenye duka la vyuma nilimwomba pesa, akanipa misumari. Mwenye duka la nguo nilimwomba pesa, akanipa jora zima la kitambaa cha pazia chenye maua ya rangi ya machungwa, na nikakitundika chote, mpaka kondoo wakaonekana wanachungulia kutoka harusini. Fundi cherehani alinipa kiti. Hakuna aliyenipa pesa, lakini hakuna aliyenirudisha mikono mitupu, na mimi nilirudi kilimani nikiimba kwa sauti kwa sababu nilikuwa na nyumba yenye mapazia.

Tulikuwa watumishi wawili. Mwenzangu alikuwa mzee aliyewahi kuwa sajini katika vita vya Wazungu huko Burma, na mpaka leo nikimkumbuka nacheka peke yangu. Yeye alikuwa mlinzi, mkata nyasi na mwongoza wageni. Aliniita afande, ingawa ningeweza kuwa mjukuu wake, na alinipigia saluti kila asubuhi kwa mkono wenye fagio. Wageni aliwapitisha mbele ya picha kwa mwendo wa gwaride. "Kondoo wa kwanza. Kondoo wa pili. Geuka kulia." Niliwahi kumkemea kwamba watu wanahitaji muda wa kutazama, akanijibu kwamba kondoo hawabadiliki hata ukiwatazama mpaka jioni.

Mzee huyo alikuwa Mluhya wa kutosha, na ulimi wake haukuwa na ubaguzi kati ya l na r. Aliniita "mkuu wa jumba ra sanaa" na hakuna aliyeona ajabu. Na mimi je? Mimi niliandika herufi zote mahali pake, lakini sikio langu lilikuwa la hapa hapa. Ukiniambia nilete kalatasi ninaleta karatasi, wala sitambui kwamba umesema kitu kingine. Shika hilo, maana ndilo lililotaka kuniua.

Mwenyekiti wa ile kamati alipanda kilimani siku moja ya mvua. Alikuwa mtu mnene, mpole, aliyependa kukaa kabla ya kusema, na nilimpa kile kiti cha fundi cherehani. Aliwatazama kondoo. Aliyatazama mapazia kwa muda mrefu zaidi.

"Binti yangu," akasema, "mimi sina ugomvi na picha. Nina mbolea inayolowa. Ghala letu linavuja, mvua ndiyo hii, na wewe una nyumba kubwa yenye bati."

"Na mimi bati langu linavuja."

"Linavuja mahali pamoja. Nimeangalia."

Nilikuwa na mdomo mwepesi, na hasira zangu hazikuwahi kuishi mbali. Nikamwambia kwamba kama uhuru ni kuondoa klabu na kuweka mbolea, basi wangetuambia mapema tusijichoshe kushangilia. Alicheka mpaka kiti kikalia. Kisha akafuta machozi ya kicheko. Akasema nyumba hii haina watu. Wanaokuja ni walimu wawili watatu na vijana wanaokimbia mvua. Wenye nchi, wa Musanda, wa Shianda, wa Mukumu, hawajui kama ipo, na wanaojua wanadhani bado ni ya wazungu.

"Mama yako mwenyewe anapitia wapi?" akauliza.

Mji wetu ulikuwa mdogo namna hiyo. Hata njia ya mama yangu ilijulikana ofisini.

"Nitakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi," akasema akiinuka. "Nikikuta watu, nitaipigania nyumba kwenye kamati. Nisipokuta, utanipa ufunguo, na Jumatatu mbolea inaingia."

Nililia kidogo alipoondoka, kisha nikakasirika kwa kuwa nimelia, kisha nikapata wazo, na tangu hapo sikulala vizuri kwa furaha. Kondoo wa yule bibi walikuwa wazuri lakini hawakuwa wetu. Ingefaa jumba linunue kitu cha hapa, tena watu wenyewe wakichague. Tulikuwa tumetoka kupiga kura za uhuru juzi juzi, na watu walikuwa bado na hamu ya kura, wangepigia hata jogoo. Basi ningeweka vitu vitatu kutoka sehemu tatu, na chini ya kila kimoja mkebe. Kura ni senti kumi, ile sarafu yenye tundu katikati. Kitakachopata kura nyingi ndicho jumba litakachonunua, kwa sarafu hizo hizo. Watu wangekuja, pesa zingekuja, na ukuta ungepata kitu kisicho na sufu.

Nilimpelekea mwenyekiti habari hiyo ofisini kwake. "Kura za kulipia," akasema, akifuta miwani. "Wewe siasa umeielewa haraka."

Vitu nilivitafuta kwa baiskeli ya kuazima. Huko Musanda kulikuwa na mwanamke mfinyanzi, mrefu, mwenye sauti, aliyejisifu bila haya yoyote na kwa haki kabisa. Alinionyesha chungu ambacho watoto wawili wangejificha ndani, chenye mapambo shingoni yaliyochorwa kwa kamba ya majani. Nilimwambia kingekaa juu ya meza ndefu katikati ya ukumbi. "Kifanye nini hapo?" akauliza. Nikasema kitazamwe. "Siku ngapi?" Nikasema milele. Alinitazama kwa huruma akasema kitakuja, lakini milele tutaona. Shianda nilimpata seremala wa mikokoteni ya miwa aliyechonga fahali wa mti wa mvule, fahali wa kupigana, pembe mbele, macho mekundu ya rangi ya milango. Na kule Mukumu kijana mwalimu alikuwa amechora sista akiteremka mlima kwa baiskeli, shela likipepea, miguu yote miwili hewani. Nilipoiona picha ile nilikaa chini barabarani nikacheka mpaka mwalimu akadhani naugua.

Tangazo niliandika kwa mkono wangu, nikalisoma mara tatu. Jumamosi ni siku ya kura kwenye nyumba ya picha. Watu wote, wake kwa waume, wa dini zote. Hakuna kiingilio. Kila mtu aje na kura yake mkononi. Mwenyekiti alituazima Landrova ya kamati na bomba la kutangazia, na Sajini alilipokea bomba lile kwa mikono miwili. Sijui huko Burma walimfanya nini, lakini nina hakika hawakumpa bomba. Alizunguka nalo wiki nzima. Alitangaza sokoni Shianda, alitangaza Musanda mashambani ambako miwa pekee ndiyo iliyomsikia, alitangaza nje ya misikiti ya Mumias na nje ya kanisa la Mukumu baada ya misa. Alipopita chini ya dirisha langu nilimsikia mwenyewe, sauti ikigonga kilima na kurudi. Nikasikia kila neno nililoliandika. Nikapiga makofi peke yangu ofisini.

Jumamosi, jua halijapanda, nilikuwa nimeshapanga vitu vyangu ukumbini. Chungu katikati, fahali kulia, sista kushoto, mikebe mitatu, na kamba nyekundu kuzunguka. Kila kitu kilikuwa na kijikaratasi kilichosema tafadhali usiguse. Nilikuwa nimevaa gauni langu la maua, ufunguo umening'inia shingoni kwa utepe. Nikasikia sauti nje. Nikafungua mlango wa mbele kwa madaha.

Mwanamke alikuwa amesimama varandani na beseni la unga kichwani. Nyuma yake kulikuwa na mwingine mwenye kuku wawili, wamefungwa miguu, wameinamisha vichwa. Nyuma ya huyo kulikuwa na mwanamume aliyebeba mzigo wa kuni, na nyuma yake, kuteremka kilima chote mpaka barabarani, watu walikuwa wanakuja kwa mstari, na hakuna kichwa kilichokuwa kitupu.

"Mafiga yako wapi?" akauliza yule wa unga.

"Mafiga ya nini, mama?"

"Ya kupikia. Tumeambiwa leo ni siku ya kula. Kila mtu aje na kula yake mkononi." Akanyanyua mkono aliokuwa nao huru, kunionyesha mboga. "Na hii ni kula yangu."

Niligeuka nikamtazama Sajini. Alikuwa amesimama wima mlangoni, bomba ubavuni, uso umejaa fahari.

"Mzee," nikamwambia, "ulitangaza nini?"

"Nilitangaza kula, afande."

"Kura au kula?"

"Kula," akasema. "Kama ulivyoandika."

Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, mengine ya Kiluhya, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye tangi la maji. Akayapokea kwa saluti. Yule mwanamke wa unga alisubiri nimalize, akaniuliza tena kuhusu mafiga, na hapo ndipo nilipofahamu kwamba hakuna hata mtu mmoja kwenye kilima kile aliyekuwa ameshangaa. Kwao mambo yalikuwa yamenyooka. Nyumba imetoka kwa wazungu imekuja kwetu. Na nyumba ikipata mwenyewe, watu wanaitwa, wanakuja na unga na kuku, wanakula ndani yake, ndipo inahesabika kuwa imeingiwa. Walichoshangaa ni kwamba tumechelewa hivyo kuwaita.

Nilicheka. Sikukusudia, kicheko kilinishika kama kwikwi. Nikamwambia mafiga yatakuwa uwanja wa tenisi.

Jiko lilijaa kabla sijamaliza sentensi. Wanawake waliingia kwa mlango wa nyuma, wakaona udogo wake, wakacheka, wakatoka na kila kitu kilichoweza kubebeka. Kwenye uwanja wa tenisi, juu ya mistari myeupe ambayo Sajini alikuwa ameipaka chokaa upya kwa heshima ya siku hiyo, yaliwekwa mafiga baada ya mafiga. Kuku mmoja alikata kamba akaruka wavu, na nusu ya Shianda ikamfukuza kutoka upande huu kwenda upande ule, na walioketi kando wakageuza vichwa huku na huku, jinsi nilivyowaona wazungu wakifanya zamani. Wafanyabiashara wa Mumias walifika na salamaleko zao na gunia la mchele. Mmoja wao akavua koti, akanoa kisu, akachinja kuku wote wa kilima kile ili kila mtu apate kula bila wasiwasi, na wenye kuku wakapanga foleni kwake iliyonyooka kuliko zote nilizoziona siku ya uchaguzi.

Mimi nilikuwa nakimbia. Nilikuwa nimeacha mkebe huku na pazia kule, mapazia mawili yalikuwa yameshatandikwa chini kama mikeka, na nikawa nagombeza kila mtu kwa furaha tupu. Katika kukimbia huko nilitokea nyuma ya jiko, nikamkuta mama. Alikuwa amesimama karibu na tangi la maji na jogoo kwapani, akiutazama mlango wake wa siku zote, uliozibwa na migongo ya wanawake.

"Nitasubiri wapungue," akasema.

"Hawatapungua, mama. Pita mbele," nikamwambia, na nikakimbilia ukumbini kwa sababu nilikuwa nimesikia kelele.

Yule mfinyanzi wa Musanda alikuwa amevuka kamba nyekundu. Alikuwa amekikumbatia chungu chake. Nikamsomea kijikaratasi.

"Usiguse ni kwa wageni," akasema. "Huko nje wanapika na vijisufuria vya wazungu vya kuchemshia yai moja. Chungu changu kikae hapa kinatazamwa, watu wakiwa na njaa? Sogea, mukhana."

Ameniita mukhana, yaani binti; nikasogea. Ungefanya nini? Kilitoka mlango wa mbele mabegani mwa watu wanne, yeye akitangulia, na uwanja mzima ukapiga vigelegele. Kuku wa kilima kile waliingia chunguni humo. Seremala wa Shianda alinijia akiwa amekunja uso, akaniambia kwamba kugawia wapiga kura nyama ni hongo na anapeleka malalamiko kwa msimamizi wa uchaguzi, ambaye ni mimi. Nikapokea malalamiko. Akaenda akamtoa fahali wake naye, akamweka kwenye nyasi, watoto wakampanda mpaka rangi ya macho ikatoka. Mwalimu wa Mukumu hakuwa na la kufanya na picha. Lakini masista wawili walikuwa wamefika kwa baiskeli, na mmoja alikuwa amesimama mbele ya sista wa kwenye picha, mkono mdomoni. Akageuka akamuuliza mwalimu kwa ukali alimwonea wapi. Kisha akatoa sarafu mfukoni, akaitia kwenye mkebe, akatazama kama kuna aliyemwona.

Basi kura nazo zikapigwa. Kila aliyekula alitaka kujua ile mikebe ni ya nini, na Sajini, akitaka kusamehewa, aliwaeleza wote kwa bomba, kutoka umbali wa hatua moja.

Mwenyekiti aliona moshi akiwa mjini. Akadhani nyumba inaungua. Alifika na Landrova, vijana sita na ndoo, amevaa suti, na ndoo ya kwanza ilikuwa imeshainuliwa juu ya mafiga wakati wanawake walipomzunguka. Nilimwona akizungushwa, nikaona mtu akimnyang'anya ndoo, mwingine akimpa maji ya kunawa, na nilipomfikia alikuwa ameketi juu ya pazia la maua ya machungwa, bonge la obusuma, ugali wetu, mkononi na paja la ingokho, yaani kuku, mbele yake. Ufunguo ulikuwa shingoni mwangu. Niliushika kwa mkono wote.

"Umeona watu?" nikamuuliza.

Alitafuna. Aliutazama uwanja, na varanda, na madirisha ambamo watu walikuwa wameketi miguu ikining'inia nje. "Leo nilikusudia kuchukua ufunguo," akasema. "Lakini binti yangu, umenitega. Mahali watu wamekulia pamoja hivi nitamwaga mbolea namna gani? Mama yangu angeniuliza nililelewa na nani." Akajilamba kidole. "Jumatatu kamati inakaa. Nitasema. Wao watapiga kula."

Sikumsahihisha. Mpaka leo sijui alikusudia lipi.

Niliingia ndani nijifute uso. Ukumbi ulikuwa karibu mtupu, watu wote walikuwa kwenye chakula, na nikamkuta mama. Alikuwa amepita mbele. Viatu vyake alikuwa ameviacha varandani, vimepangwa pamoja, na alikuwa amesimama peku katikati ya ukumbi, jogoo bado kwapani, akimtazama kondoo wa kwanza. Akaenda kwa wa pili. Hakuna aliyemwambia ageuke kulia. Alizunguka ukuta wote polepole na mimi sikuthubutu kusogea.

"Kumbe ni hawa," akasema mwishowe, bila kugeuka. "Miaka yote ile. Walikuwa wanakula mayai yangu wakiwatazama hawa."

"Ndiyo, mama."

"Na sisi ngazini." Kisha mabega yake yakaanza kucheka, na nilipomfikia nikaona machozi nayo yanashuka. Nikamshika. Jogoo akatupigia kelele katikati. Tulicheka hivyo, tumeshikana, mpaka Sajini akaja kuuliza kama afande anaumwa.

Chungu kilishinda. Fahali alikuwa wa pili, na seremala hajakubali matokeo mpaka leo kama yu hai. Yule mfinyanzi alipokea mkebe wake wa sarafu, akakitazama chungu kilivyosimama, cheusi kwa masizi, na mafuta ya kuku yakiwa yameganda ukingoni. Nikamwambia nitakisafisha kabla ya kukirudisha ukumbini. Akanikataza. Akasema ametuuzia chungu, na chungu kinakaa hivyo, na nikikiosha anakirudisha Musanda. Kikakaa na masizi yake, na kwa miezi mingi ukumbi wetu ulinukia mchuzi, jambo lililowafaa sana wageni wa mchana.

Jumatatu kamati ilikaa asubuhi. Nilisubiri nje, kwenye benchi, nikiuzungusha ufunguo mpaka utepe ukakatika. Mwenyekiti alitoka na uso usiosomeka, akasimama mbele yangu, akauchukua ufunguo mkononi mwangu, akaupima uzito wake kama mtu anayenunua nyama.

"Huu ni mzito kwa shingo ya msichana," akasema, akanirudishia. "Tafuta msumari uutundike. Nasikia una misumari."

Nilipanda kilima nikikimbia, na viatu mkononi. Mayai yangu ya Jumatatu yalikuwa njiani, nilijua, na nilitaka kuwa wa kwanza kumwambia. Nikawasha moto, nikateleka chai, nikaufungua mlango wa jikoni upana wake wote, nikaketi ngazini nikitazama kona ya tangi la maji. Chai ikachemka. Sajini alikuwa uwanjani akitafuta mistari yake ya chokaa chini ya majivu. Nikatazama kona ile, nikatazama tena, hakuna mtu.

Nikasikia hodi. Mara ya kwanza nilidhani ni jirani. Mara ya pili nikasimama, kwa sababu ilitoka upande mwingine wa nyumba, kule kwenye varanda, na ilipigwa kwa nguvu, kwa kiganja kizima, na mtu ambaye hakuwa na nia ya kungoja.

"Fungua, mukhana," mama akasema. "Mbona mwenye nyumba anakaa nyuma?"